Iziauti Imekatikia Ndani ya Hedi: Namna ya Kukitoa Kipande Bila Kuiua Injini

Stadi (bolti isiyo na kichwa) ya manifoldi ya ekzosti imekatika usawa wa hedi, yaani kichwa cha injini. Umetoboa katikati, umegonga iziauti (zana ya kuchomolea bolti iliyokatika), umezungusha, na sasa iziauti nayo imekatika na kubaki humo humo. Mpaka hapo ulikuwa na tatizo la kutu tu. Sasa una kipande cha chuma kigumu kuliko biti zote zilizomo kwenye boksi lako, kimezungukwa na stadi laini, na stadi hiyo imezungukwa na alumini ambayo ni laini zaidi.

Mpangilio huo wa ugumu ndio unaoamua kila kitu. Ukishusha drili ya kawaida juu ya iziauti, tapu (zana ya kukata meno ya bolti ndani ya tundu) au biti iliyokatika, ncha haili. Inateleza, inapata moto, inapoteza makali, kisha inatafuta palipo laini, yaani pembeni, na kula alumini ya hedi. Hedi nyingi zinazopelekwa kwa fundi wa kukereza hazikuharibiwa na iziauti. Ziliharibiwa na dakika kumi za hasira zilizofuata.

Kwa hiyo weka drili chini kwanza.

Mambo ya kujua kabla ya kugusa tena

Toa waya hasi wa betri. Utahitaji kufanya hivyo kama kuna kuchomelea, lakini sababu kubwa ni kwamba gereji zetu zina watu wengi, na kijana mwenye nia njema anaweza kuipiga stata "aone kama inazunguka" wakati wewe umeinama na kibano mkononi. Ziba matundu ya ekzosti na ya plagi kwa vitambaa vikubwa visivyoweza kumezwa, uvihesabu, na kila kimoja ukifunge uzi unaoning'inia nje.

Kisha jiulize: kilichokatika ni chuma gani? Biti, tapu nzuri na iziauti nzuri ni chuma kilichotiwa ugumu. Ni kigumu lakini kina udhaifu wa kioo, hakipindi, hupasuka. Tapu za bei rahisi mara nyingi ni chuma cha kaboni, ambacho moto wa kufikia wekundu hukilainisha, ingawa huwezi kuutumia moto huo kwenye alumini. Kinachokizunguka je, ni alumini au chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa)? Sumaku ndogo itakujibu kwa sekunde moja. Na nyuma ya tundu kuna nini? Matundu mengi ya stadi za ekzosti yamezibwa mwisho, lakini yapo matundu, hasa ya pampu ya maji na ya kifuniko cha mbele, yanayotokea kwenye njia ya maji au ya oili. Pima kina cha tundu jirani kwa waya, ukilinganisha na kitabu cha injini kama unacho, kisha funga tepu kwenye biti kama alama ya mwisho wa kushuka.

Jambo la mwisho la kujiuliza ni kwa nini bolti ya awali ilikatika, na hili huamua mengi. Bolti iliyokatika kwa kukazwa kupita kiasi meno yake bado yako huru. Hiyo iziauti huitoa bila shida, pengine hata ncha ya bisibisi. Bolti iliyokatika wakati wa kufunguliwa ni habari nyingine. Ilikuwa na unene wake wote, ikavutwa na spana ndefu, ikakataa mpaka ikakatika. Iziauti nyembamba kuliko bolti hiyo itaweza nini? Tena umbo lake ni la kabari. Kadiri unavyozungusha ndivyo inavyoipanua bolti na kuibana zaidi kwenye hedi. Kwa stadi za ekzosti zilizoungua na kushika kutu miaka kumi, iziauti siigusi kabisa. Nitasema baadaye ninachotumia badala yake.

Kipande kikiwa kimechomoza

Hii ndiyo bahati. Milimita mbili au tatu zikiwa nje, safisha kwa brashi ya waya, tia mafuta ya kulegeza kutu, na ukamate kwa plaizi ya kujifunga. Halafu zingatia upande wa kuzungusha, maana hapa wengi hukosea. Iziauti ya mzunguko hukatwa kinyume, ndiyo maana hujikaza ukiizungusha kushoto. Ili kuitoa ndani ya bolti uizungushe kulia, kama unayekaza. Ukiendelea kuivuta kushoto unaizamisha zaidi. Tapu na biti ya drili ni kinyume chake, hutoka kwa kushoto.

Usivute kwa nguvu moja. Nenda robo mzunguko upande mmoja, rudi, gonga juu kwa tindo na nyundo nyepesi, tia mafuta, rudia. Kwenye tapu kinachokwamisha ni vinyuzi vya chuma vilivyojazana nyuma ya makali, na kule kwenda na kurudi ndiko kunakovisaga. Ukiwa na kompresa, puliza kwanza, miwani ikiwa machoni.

Kuhusu mafuta, mchanganyiko wa nusu asetoni na nusu mafuta ya giaboksi otomatiki, ATF, hupenya vizuri sana. Vitu hivyo viwili hutengana vikitulia, kwa hiyo utikise kila unapotumia. Asetoni hushika moto upesi, na siku hiyo hiyo utataka kuchomelea. Acha ikauke kabisa kwanza, uiondoe chupa pale.

Moto, na nati ya kuchomelea

Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile. Hedi ikipata joto, tundu linafunguka kuliko bolti inavyonenepa. Ndiyo maana kipande kisichosogea asubuhi injini ikiwa baridi huweza kulegea hedi ikiwa ya moto. Bunduki ya hewa moto inatosha mara nyingi. Ukitumia moto wa gesi kumbuka kwamba alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 hivi za Selsiasi na haikupi onyo la kugeuka nyekundu kama chuma. Inakaa vile vile, kisha inaanguka kama uji. Usikae mahali pamoja, na usiupeleke moto karibu na sili za valvu wala plastiki ya manifoldi ya kuvutia hewa.

Sasa njia ninayoiamini kuliko zote kwa stadi iliyoshikwa na kutu, iwe na kipande cha iziauti ndani yake au haina: nati iliyochomelewa. Chuma cha kuchomelea hakishikani na alumini, kwa hiyo fundi welda mwenye mkono mtulivu anaweza kujaza chuma juu ya kipande hata kikiwa kimezama milimita mbili au tatu, akapanda mpaka kikatokeza.

Kwanza tenganisha betri na soketi ya altaneta, na uchomoe kompyuta ya gari kama inafikika. Klampu ya ethi iwekwe kwenye hedi yenyewe, karibu na kazi, isiwe kwenye bodi. Funika kila kitu cha plastiki, mabomba ya mafuta na nyaya kwa kitambaa kilicholowa. Halafu weka washa yenye tundu la kuingia stadi, chomelea washa kwenye kipande, kisha nati juu ya washa, ukijaza katikati ya nati. Nati iwe kubwa kidogo kuliko bolti. Kwa stadi ya milimita 8 mimi huchukua nati ya 10 ili ncha ya fimbo ipate nafasi. Mashine ya MIG ndiyo nzuri zaidi kwa kuwa waya wake ni mwembamba, lakini fimbo ya 2.5 kwenye mashine ya kawaida imetoa stadi nyingi kwenye gereji za Gerezani, Dar es Salaam, na Grogan, Nairobi.

Ukimaliza usikimbilie spana. Subiri wekundu uishe kabisa, kisha gusisha mshumaa kwenye mzizi wa stadi. Nta inanyonywa ndani na joto na kufika mahali ambapo mafuta ya kopo hayafiki. Ndipo uzungushe kidogo mbele, kidogo nyuma. Kama chini kuna stadi, lengo ni kushoto. Nati ikikatika tena chomelea nyingine. Mara ya tatu au ya nne ndiyo hukubali, kwa sababu kinachofanya kazi hasa ni lile joto la kupanda na kushuka linalovunja kutu, nati ni mpini tu.

Kasoro ya njia hii ni kwamba chuma cha tapu na iziauti hakipendi kuchomelewa. Kiungo huwa kikavu na huweza kukatika kwenye mshono. Elekeza moto kwenye stadi inayoizunguka zaidi kuliko kwenye iziauti yenyewe, na yote mawili yatoke pamoja.

Kimezama, na welda hafiki

Kwenye Toyota za injini ya 1NZ-FE, Probox, IST, Vitz za zamani na nduguze, manifoldi ya ekzosti iko nyuma, ikitazamana na ukuta wa kabini. Drili iliyonyooka haiingii pale. Utajaribu kwa pembe, na pembe ndiyo inayopeleka biti kwenye alumini. Kama huna drili ya shingo iliyopinda wala nafasi ya kuona tundu uso kwa uso, hesabu gharama ya kufungua hedi, na gasketi yake mpya, dhidi ya gharama ya hedi nyingine. Hedi ikiwa mezani, kazi ya siku nzima huwa ya saa moja. Najua mteja hapendi kusikia hivyo.

Ukiwa na nafasi, zana inayokula chuma kigumu ni ya kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma chochote cha biti. Kuna namna tatu za kuipata.

Ya kwanza ni ncha ya kabaidi ya kusagia, ya duara, ya milimita 3, kwenye dai grinda ya hewa au mashine ndogo ya mkononi inayozunguka mara 20,000 na zaidi kwa dakika. Hutoboi, unasaga. Gusa sekunde mbili tatu, inua, puliza, tazama, gusa tena. Kinachotoka ni unga kama mchanga wa chuma, na unga huo ukiingia jichoni hausahauliki, kwa hiyo vaa miwani iliyoziba pembeni. Anza katikati ya kipande na kukila kuelekea chini mpaka kiwe ganda jembamba, kisha livunje ganda hilo kuelekea ndani kwa tindo nyembamba. Ncha ya kabaidi nayo hukatika ukiipinda, ukabaki na kipande juu ya kipande juu ya kipande, kwa hiyo egemeza mkono kwenye injini yenyewe, usishike hewani.

Ya pili ni biti ya kabaidi tupu. Ni nzuri sana kwenye mashine ya kutobolea iliyosimama, yenye hedi iliyofungwa klampu. Kwa drili ya mkononi sikushauri. Mtikisiko mdogo tu unaipasua.

Ya tatu ni ya mafundi wasio na duka la kabaidi karibu: biti ya kutobolea zege. Ncha yake ni kabaidi ya tangsteni, ila imetengenezwa butu kwa ajili ya kupondaponda. Ikinolewa kwa jiwe la almasi au jiwe la kijani, yale yanayonoa kabaidi, ikapata makali kama ya biti ya chuma, inakula iziauti. Zima kabisa kigongeo cha drili. Shinikiza kwa uthabiti bila kutikisa, na usiimwagie maji ikiwa moto maana kabaidi hupasuka kwa baridi ya ghafla. Jiwe la kawaida la grinda halinoi kabaidi, linaichoma tu.

Vyovyote utakavyotoboa, tafuta cha kuiongoza biti. Mpe fundi wa kukereza akutengenezee bushi ya chuma, nje ikae sawasawa kwenye tundu la manifoldi, ndani iwe na tundu la biti yako. Rudisha manifoldi, ifunge kwa stadi zilizo nzima, pitisha biti ndani ya bushi. Hakikisha kwanza kwamba tundu la manifoldi limelingana na stadi, maana yale ya mwisho mara nyingi huachwa makubwa ili manifoldi ipate nafasi ya kutanuka. Na ni hizo stadi za mwisho, za silinda ya kwanza na ya mwisho, zinazokatika zaidi, kwa sababu huko ndiko manifoldi inakovuta na kurudi kwa umbali mkubwa.

Yote yakishindikana iko mashine ya kuchoma kwa cheche za umeme, EDM. Waya au kijiti cha shaba hushushwa ndani ya maji au mafuta maalum, na cheche hula chuma chembe kwa chembe bila kujali ugumu wake na bila kugusa meno ya hedi. Mashine hizi hupatikana kwa watengenezaji wa moldi za plastiki na dai za viwandani, siyo kwenye gereji, kwa hiyo waulize wao. Kwa hedi ya gari la bei, hii ndiyo njia safi kuliko zote.

Tapu iliyokatika

Tapu ina mifereji, mitatu au minne, na mifereji hiyo ndiyo njia yako. Kipo kitoleo maalum chenye vidole vyembamba vinavyoingia kwenye mifereji. Kinafaa tapu isiyobana sana. Ikiwa imebana, vidole hupinda, na ukivipindisha mara mbili huna zana tena. Huna kitoleo? Vipande viwili au vitatu vya waya wa spoku vilivyoingizwa kwenye mifereji na kushikwa kwa plaizi hufanya kazi ile ile kwa tapu kubwa.

Kwenye bloku ya chuma cha kusubu, tapu huweza kuvunjwavunjwa kwa tindo ngumu na mapigo mafupi makali, ukielekeza kila jino kuanguka katikati, kisha unaokota vipande kwa sumaku. Kwenye alumini siifanyi ila kwa dharura, kwa kuwa kila pigo linasukuma vipande vigumu ndani ya ukuta laini, na meno yanakwenda navyo.

Kama kitu chenyewe ni kidogo, cha alumini tupu, na kinang'oka kwenye injini, mfano nyumba ya themostati au mguu wa altaneta, ipo njia ya polepole isiyohitaji nguvu hata kidogo: shabu, ile inayouzwa kwa wauza dawa za asili na kwenye maduka ya viungo. Maji ya shabu yaliyokolea, yakiwa na joto la karibu kuchemka, hula chuma na kuiacha alumini. Tumia sufuria ya alumini ya zamani ambayo haitarudi jikoni. Loweka kitu chote, tundu likitazama juu ili mapovu yatoke. Ukiona mapovu madogo yakipanda kutoka kwenye tapu, kazi inaendelea. Ongeza maji yakipungua, badilisha shabu mapovu yakikoma, usafishe tundu kwa brashi mara kwa mara. Tapu ya kaboni huliwa upesi zaidi. Ile ya chuma cha kasi (HSS) huchukua muda mrefu na wakati mwingine hupungua tu kiasi cha kulegea, na hapo inatosha. Fanya nje penye hewa, maana mapovu hayo ni hidrojeni. Usiingize hedi nzima humo: viti vya valvu na gaidi zake huweza kuwa za chuma, nazo zitaliwa pia.

Stadi yenyewe, kisha meno

Iziauti ikishatoka bado una stadi uliyoitoboa. Usirudishe iziauti nyingine. Tumia nati ya kuchomelea, au biti zinazokata kwa kuzunguka kushoto, ambazo mara nyingi huichomoa bolti zikiwa bado zinatoboa, kwa sababu zinapunguza unene na kuvuta upande sahihi kwa wakati mmoja.

Bolti ikikataa hata hapo, itoboe yote. Kwa bolti ya M8 (kipenyo cha milimita 8) yenye hatua ya 1.25, yaani milimita 1.25 kati ya jino na jino, biti ya 6.8 inafika mzizi wa meno. Kwa M6 ya hatua ya 1.0 ni biti ya 5. Ukiwa katikati kweli, kinachobaki ni ganda la meno kama springi, unalichokonoa kwa ncha kali na kulivuta kwa koleo. Ukitoka nje ya katikati kidogo, usihuzunike sana. Weka meno mapya ya Helicoil, springi ya waya inayokuwa meno ya tundu: kwa M8 unatoboa 8.3, unapitisha tapu yake maalum, unaingiza springi mpaka izame robo au nusu mzunguko chini ya uso. Ile mbavu ndogo ya kuingizia iliyoko chini huvunjwa mwishoni, na lazima uitoe kwa sumaku au koleo. Nimeona mtu aliyehangaika kutoa iziauti kutwa nzima akaisahau ile mbavu ndani ya tundu la plagi.

Kwa meno ya plagi, ambayo kwenye 1NZ ni ya milimita 14 na hatua ya 1.25, napendelea bushi nzima ya chuma kuliko springi. Plagi hufunguliwa mara nyingi, na springi huweza kutoka nayo.

Kama moto umetumika kwa wingi, kagua hedi isije ikawa imepasuka kati ya tundu na kiti cha valvu. Kama huna rangi ya kupenyeza (ya kuonyeshea nyufa), pakaza mafuta ya taa, subiri, pangusa kabisa, kisha nyunyiza unga wa chaki. Ufa utajichora wenyewe kwa mstari wa unyevu.

Kipande kikianguka ndani ya silinda

Hapa sheria ni moja: injini isizungushwe kwa stata. Pistoni ikifika juu, nafasi kati yake na hedi ni ndogo, na kwenye dizeli ni kama milimita moja au pungufu. Kipande cha tapu kikibanwa hapo kinatoboa pistoni au kupinda valvu.

Toa plagi zote ili injini izunguke kwa urahisi, kisha zungusha kwa mkono kwa soketi kwenye bolti ya puli ya krenki, ukishusha pistoni ya silinda hiyo chini kabisa. Ukihisi kizuizi chochote, rudi nyuma, usilazimishe. Ingiza kamera ya waya inayounganishwa na simu. Zile za kipenyo cha milimita 5.5 hupita tundu la plagi bila shida. Tazama kila upande, hasa ule ambao injini imelalia, na kwenye vikato vya valvu juu ya pistoni. Kama kipande hakionekani, angalia valvu ya ekzosti ilikuwa wazi au la. Huenda kimeingia njia ya ekzosti, na huko kuna katalisti ya kukizuia.

Sumaku ya fimbo ndiyo ya kwanza kujaribu, lakini ina tabia ya kukamata kuta za njiani kabla haijafika chini. Ivishe mrija wa plastiki, ncha tu ibaki wazi. Pandisha pistoni polepole kwa mkono, kamera ikiwa ndani, ili kipande kisogezwe karibu na tundu. Kwa vitu visivyokamatwa na sumaku, kama kauri ya plagi au alumini, tumia bomba jembamba lililofungwa kwa tepu kwenye mashine ya kuvuta vumbi, soksi ya nailoni ikiwa katikati ili uone ulichovuta. Kijiti chenye tone la grisi nzito huokota chembe zilizobaki. Wapo wanaopiga stata plagi zikiwa nje wakitumaini kipande kitarushwa na hewa. Kwa unga wa alumini labda. Kwa kabaidi au tapu ni kamari.

Ukipitisha tapu kwenye tundu la plagi hedi ikiwa juu ya injini, jaza grisi kwenye mifereji yake, zungusha nusu, toa, pangusa, paka tena. Inachosha, ila grisi hubeba karibu taka zote.

Kwenye dizeli kinachokatika mara nyingi ni ncha ya hita plagi (plagi ya kupasha joto injini kabla ya kuwaka) iliyovimba. Kwa injini zenye chumba cha pembeni, kama 1HZ na 5L za Toyota, ncha hubaki ndani ya chumba hicho kwa kuwa mdomo wake ni mwembamba; toa injekta uifuate kutoka juu. Kwa 1KD, nayo ya Toyota, mafuta huchomwa moja kwa moja juu ya pistoni, kwa hiyo ncha huangukia pistoni, na kama haionekani kwa kamera fungua hedi tu.

Kikiangukia upande wa cheni ya taimingi, usizungushe hata kwa mkono mpaka ukione. Mara nyingi huteremka hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Mwaga oili, pitisha sumaku kwenye tundu la kumwagia, na kama hukipati shusha sampu. Chujio la pampu litakizuia kisiingie kwenye pampu, lakini halitakizuia kisirushwe na krenki.

Kurudisha na kuwasha

Kabla ya kurudisha manifoldi, vuta vitambaa vyako na uvihesabu. Stadi mpya zipakwe grisi ya kuzuia kushikana kwa joto, na ukiipaka punguza nguvu ya kukaza kidogo kwa kuwa meno yanateleza zaidi. Nati za ekzosti zianze katikati kwenda pembeni. Plagi za 1NZ hukazwa kwa nyutoni-mita 18, meno yakiwa makavu.

Kabla ya kurudisha plagi zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili ya krenki, ili kila silinda ipite hatua zote nne, ukisikiliza. Ikishawaka, iache taratibu bila kukanyaga, sikiliza mlio wa chuma kwa chuma. Ukisikia, zima papo hapo.

Injini ikipoa kaza tena nati za manifoldi. Baada ya kilomita mia chache mwaga oili, badilisha filta, kisha ikate ile ya zamani na uikunjue karatasi yake juani. Vumeta vya alumini vichache si neno. Ukikuta vipande vyenye kona vinavyokamatwa na sumaku, shusha sampu kabla gari halijaenda safari ndefu.